Ukoka uliogeuka godoro: ukwanguliwe lini, na vipi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina bustani ya ukoka mbele ya nyumba yangu Goba, Dar es Salaam, upana mita 12 na urefu mita 15, imeinama kidogo kuelekea barabarani. Ni mwaka wa sita sasa tangu nipande. Siku hizi nikikanyaga nasikia kama natembea juu ya godoro. Mashine ikipita inaacha mabaka ya kahawia, na maji tukimwagia yanateremka getini badala ya kuzama. Kijana wa bustani anamwagia kila jioni, na kila mwezi anaweka kilo 3 za urea, lakini hali ni ile ile. Jirani ananishauri niuchome moto. Fundi mmoja anataka aung'oe wote apande upya. Kwenye simu nimesoma kwamba nyasi hukwanguliwa mwezi wa tisa. Sasa hivi ni Februari. Nisubiri Septemba au nianze Jumamosi hii?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Jumamosi hii usianze, na Septemba usiingoje. Kwa bustani yenye mteremko kama yako, wakati wako ni katikati ya Mei, masika yakianza kulegea, na hata hapo utakwangua nusu tu, yaani kuchana na kuzoa kwa reki lile tabaka lililorundikana kati ya majani na udongo. Nusu ya pili utaiacha mpaka vuli ya Novemba. Sababu nitakueleza. Ila kuna jambo la kufanya kesho asubuhi ambalo halihitaji mvua wala fundi: chukua kisu cha jikoni.

Unajua muuza tikiti anavyofanya ukitaka kuonja kabla ya kununua? Anachomeka kisu mara tatu, anachomoa pembetatu. Fanya hivyo hivyo kwenye ukoka wako. Zamisha kisu urefu wa kidole cha kati, kata pande tatu, chomoa kipande taratibu na ukitazame kwa ubavu. Juu utaona majani ya kijani, labda sentimita mbili au tatu. Chini kabisa ni udongo. Katikati, kwa maelezo uliyonipa, utakuta kitu cha kahawia kinachofanana na makumbi ya nazi: vishina vilivyokufa na vilivyo hai vimesukana, na humo ndani mizizi myeupe myembamba ambayo ilitakiwa iwe imeshuka udongoni lakini imehamia hapo. Kibonyeze kwa dole gumba. Kikibonyea kisha kikanyanyuka chenyewe kama sponji, ndilo hilo godoro unalolisikia ukikanyaga. Sisi wa kazi za bustani tunaliita vivyo hivyo, godoro, na sijapata jina zuri zaidi.

Sasa azima rula ya mtoto upime ile sehemu ya kahawia peke yake, bila majani ya juu na bila udongo wa chini. Pima sehemu tano: juu kwenye mteremko, chini karibu na geti, katikati, pale mnapopita kila siku, na pale penye kivuli. Andika vipimo. Kisha rudisha kila kipande kwenye shimo lake, ukikanyage, ukimwagie kikombe cha maji. Wiki ikipita hutajua palikatwa wapi.

Ukikuta sentimita 1, au hata 1 na nusu, huna ugonjwa. Tabaka jembamba la namna hiyo lina faida zake: linakinga udongo na jua la Januari, linashika unyevu, na mtoto akianguka haumii. Watu wengi wananiita wakwanguliwe bustani ambayo shida yake ni nyingine kabisa: kivuli cha mwembe, gari linaloegeshwa juu ya nyasi, au kifusi cha ujenzi kilichofukiwa chini ya sentimita kumi za udongo mwekundu. Hapo reki haisaidii kitu. Likizidi sentimita 2, kazi ipo. Likizidi 5, fundi wako wa kung'oa atakuwa na hoja. Kwa ukoka wa miaka sita unaolishwa kama wako, nakisia utakuta kati ya 2 na 4.

Limetoka wapi? Hapa kuna kosa ninalolisikia kila siku, kwamba godoro ni yale majani yanayobaki mashine ikipita. Siyo. Jani la ukoka sehemu kubwa yake ni maji, na likikatwa fupi huoza upesi sana katika joto letu. Godoro linajengwa na zile kamba zinazotambaa, mfano wa marando ya viazi vitamu, pamoja na mashina ya chini ya ardhi na mizizi mikuukuu. Hivyo vina lignini nyingi, ile ile inayoufanya mti kuwa mgumu, na bakteria na kuvu huchukua muda mrefu kuvila. Ukoka ukizalisha kamba haraka kuliko udongo unavyoweza kuzila, zinarundikana.

Ndiyo maana nataka tuongee kuhusu hiyo urea kabla ya reki. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kilo 3 ni gramu 1,380 za naitrojeni. Eneo lako ni mita za mraba 180, kwa hiyo kila mita inapata karibu gramu 7.7 kwa mwezi, sawa na gramu 92 kwa mwaka. Ukoka wa nyumbani, wa kutazamwa na wa kuchezea watoto, unatosheka na gramu 10 hadi 20 kwa mwaka mzima. Kwa bustani yako hizo ni kilo 4 hadi 8 za urea kwa mwaka, zikigawanywa mara tatu au nne wakati wa mvua. Yaani kijana wako anamaliza chakula cha mwaka kabla ya Machi kuisha, halafu anaendelea kulisha. Isitoshe, urea ikizidi inaongeza tindikali kwenye udongo, na wale wanaokula godoro hawapendi udongo mchachu.

Na maji ya kila jioni ni kosa hilo hilo kwa upande wa pili. Maji kidogo kidogo yanaishia ndani ya godoro, hayafiki chini, na mizizi inafuata maji yalipo. Siku mgao ukigonga siku tatu mfululizo, godoro linakauka, na likishakauka linakataa maji: yanateleza juu yake kama juu ya turubai. Hayo ndiyo yanayokimbilia getini kwako. Acha maji ya kila siku. Mwagia mara mbili kwa wiki, asubuhi, kwa wingi, jumla kama sentimita 2 na nusu kwa wiki isiyo na mvua. Weka makopo matupu matatu matano bustanini uone inachukua muda gani kujaa kiasi hicho. Kwa eneo lako ni lita 4,500 kwa wiki, karibu tangi la lita 5,000, kwa hiyo ukiona ni nyingi mno kiangazi hiki, acha ukoka ugeuke njano. Haufi. Ukoka umezoea shida kuliko sisi.

Umenitajia urea, hujanitajia dawa ya mchwa. Nauliza kwa sababu Goba mchwa ni wengi, na wapo wanaomwaga dawa kuzunguka nyumba, kisha zinazobaki kwenye bomba wanazimalizia kwenye nyasi. Nyungunyungu na mchwa ndio vibarua wa bure wa kumeng'enya godoro. Nyungunyungu hasa: anapandisha udongo juu, anavuta mabaki chini, anatoboa njia za maji. Ukiua hao, kazi yao yote inarudi kwako na reki.

Sasa hilo la Septemba. Aliyeandika hakukosea, aliandikia watu wa kwao. Kaskazini mwa Marekani na Uingereza wana nyasi za baridi, ambazo hukua kwa nguvu majira ya kuchipua na ya vuli yao, na hunyong'onyea joto likizidi. Kwao mwanzo wa Septemba ni wakati mzuri. Ukoka, nyasi za Pemba, paspalum na zoysia ni nyasi za joto. Kanuni inabaki moja kwa wote: nyasi hukwanguliwa pale zinapokuwa na mbio za kukua na zina wiki sita hadi nane mbele yake za kuendelea kukua, maana kukwangua ni kuzijeruhi. Kalenda inabadilika tu kufuatana na mahali.

Dar hatuna msimu wa baridi wa kulaza ukoka. Kinachouamuru ni mvua, na kwa kiasi fulani ule ubaridi wa Juni hadi Agosti. Januari na Februari joto linafika nyuzi 32 na mvua ni haba. Ukikwangua sasa unavua nguo mtu aliye juani: kamba zilizokuwa chini ya kivuli cha godoro zinaungua siku ya kwanza, na maji ya kuziokoa huna. Julai na Agosti ukoka unakua kwa uvivu, kidonda kinakaa wazi na magugu yanawahi kuingia. Septemba ni kavu. Yaani ungefuata simu yako ungekwangua mwezi wenye mvua kidogo sana.

Zinabaki nafasi tatu. Ya kwanza ni nusu ya pili ya Machi, mvua za mwanzo zikishalowesha udongo. Hiyo ni nzuri kwa bustani tambarare ya Mikocheni au Sinza. Kwako hapana, kwa sababu baada ya Machi inakuja Aprili, mwezi ambao kwa wastani mvua ya Dar hupita milimita 200, na mteremko uliokwanguliwa wiki mbili tu zilizopita utaupata barabarani. Katikati ya Aprili kwenyewe hakufai kwa yeyote: udongo umelewa maji, reki inang'oa ukoka na mizizi yake, na kila hatua unayokanyaga unashindilia. Nafasi ya pili ni katikati ya Mei hadi wiki ya kwanza ya Juni. Mvua zinapungua, udongo bado una unyevu na joto, ukoka una nguvu zake zote. Hiyo ndiyo yako. Ya tatu ni mwanzo wa Novemba, vuli ikishaonyesha uso. Vuli ina tabia ya kuahidi na kutokutokea, kwa hiyo Novemba usianze mpaka mvua mbili tatu za kweli zinyeshe.

Kama unataka kipimo kisichotegemea tarehe, hiki hapa: kata nyasi Jumamosi. Ikifika Jumamosi inayofuata zikawa zinadai kukatwa tena, ziko tayari kukwanguliwa. Zikikaa wiki mbili bila kudai, ziache.

Kabla hujaenda mbali, hakikisha ni ukoka kweli. Hapa mjini kila kinachotandazwa mbele ya nyumba kinaitwa ukoka, hata wauza miche wa barabarani wanaita hivyo. Tofauti ni kubwa kwenye kazi hii. Ukoka wenyewe una jani jembamba lenye ncha kali, una kamba juu ya ardhi na mashina mengine meupe chini ya ardhi. Ukiukwangua mpaka ukabaki udongo mtupu, unachipua kutoka chini. Nyasi za Pemba zina jani pana, nene, lenye ncha butu, na kamba zake nene zote ziko juu ya ardhi. Chini hazina akiba. Vivyo hivyo zile za majani mapana laini zinazopandwa kwenye kivuli.

Hili nililijua kwa gharama. Miaka mingi iliyopita nilichukua kazi Kigamboni, bustani nzuri ya nyasi za Pemba, godoro kama sentimita 3. Nilikuwa nimekodi mashine yenye visu vya kusimama wima, mara yangu ya kwanza kuishika, na visu vilikuwa vimepangwa karibu karibu kama vya kukwangulia ukoka. Nilipita mara moja kwa urefu. Haikuonekana mbaya. Nikapita mara ya pili kwa kukatisha, na kufika nusu ya uwanja nikageuka nyuma nikaona nyasi zimelala kama mkeka uliokunjwa, kamba zote zimekatwa vipande vya urefu wa kidole, hakuna kilichoshika ardhi. Mwenye nyumba alitoka barazani na kikombe chake cha chai, akatazama, akarudi ndani bila kusema neno. Nilipanda upya nusu ile kwa fedha yangu. Kwa nyasi za Pemba visu vikae mbali, sentimita 7 na nusu hivi kati ya kimoja na kingine, na upite mara moja tu, upande mmoja. Kwa ukoka sentimita 2 na nusu hadi 5 panafaa, na kupita mara mbili ruhusa.

Mashine za namna hiyo ni za viwanja vya gofu na hoteli kubwa. Kwa mita 180 hujakosa kitu usipoipata. Reki la chuma la meno makali linatosha kwa godoro la sentimita 2. Kwa lililozidi hapo tengeneza reki la misumari. Chukua mbao ya mbili kwa nne, urefu sentimita 60. Ilaze bapa, igongelee misumari ya inchi 4 ipenye upande wa pili, msumari mmoja kila sentimita 3, jumla kama 20. Kila msumari utachomoza sentimita 5 hivi. Funga kamba ncha zote mbili za mbao, weka jiwe la kilo tano juu yake, livute kama mkokoteni. Misumari inachana godoro kwa mistari, reki la kawaida linafuata nyuma kukusanya. Ukimaliza lilaze misumari ikitazama chini, na watoto wasilikaribie.

Siku ya kazi yenyewe inaanza siku moja kabla. Kama mvua haijanyesha, mwagia maji ili udongo uwe na unyevu lakini usishike mguu. Chomeka vijiti penye mabomba, nyaya za taa za bustani na mfuniko wa chemba. Nimeona reki la misumari likikata waya wa taa, na kilichofuata siyo cha kusimulia. Asubuhi kata ukoka mfupi kuliko kawaida. Kama huwa unauacha sentimita 3, ushushe hadi moja na nusu au mbili, uzoe majani yote.

Kisha pima mistari inayokatiza mteremko, siyo inayoshuka nao, kama mkulima wa milimani anavyopanga kontua. Bustani yako ina urefu wa mita 15, ukigawa kwa mistari ya mita 1 na nusu unapata 10. Mei kwangua mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, na kuendelea. Ile mitano mingine iache ilivyo, iwe kingo za kuzuia udongo mvua za mwisho zikija. Novemba igeuze zamu: iliyopona ilinde, iliyobaki ikwanguliwe. Itaonekana kama pundamilia miezi michache. Wageni watauliza, utazoea.

Ndani ya mstari, vuta reki kwa urefu kwanza, kisha mshazari. Ncha za misumari ziguse udongo, zisiulime. Usitafute kumaliza godoro lote: ukibakisha sentimita 1 ndivyo inavyotakiwa. Vijana wawili wanaojua kazi watamaliza mistari mitano kwa siku moja, na jioni utashangaa rundo litakavyokuwa. Godoro likishachambuliwa linaumuka. Bustani ya ukubwa huo inaweza kukupa viroba ishirini na zaidi, kwa hiyo viandae mapema.

Tafadhali usiruhusu viroba hivyo, wala mabaki yoyote, yaingie kwenye mtaro wa mtaa. Mei bado kuna mvua, na mtaro ukiziba Goba wanaoamka na maji ndani ni walio chini ya kilima. Yaanike mabaki juani siku kumi hadi kumi na mbili, uyageuze geuze mpaka kamba zikauke zivunjike, maana kamba mbichi ya ukoka ikiangukia kwenye migomba inashika mizizi na utaipigania miaka. Zikikauka, tandaza chini ya migomba na miembe, au changanya na samadi ufanye mboji.

Mistari iliyokwanguliwa itaonekana vibaya. Kahawia, mifupa mitupu, udongo unaonekana. Usitishike. Kabla ya kitu kingine, toboa mashimo kwa uma wa bustani, kina sentimita 8 hadi 10, kila baada ya sentimita 15, hasa pale mnapopita. Halafu tandaza mchanga uliochekechwa uliochanganywa na mboji iliyoiva, unene nusu sentimita, usizidi. Kwa mita za mraba 90 hiyo ni kama toroli 7 za kawaida. Sukuma kwa mgongo wa reki mpaka uzame kati ya vishina. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu katika barua hii yote, ningeiacha reki na kuchukua hili la mchanga na mboji. Linawaletea wadudu wadogo wa udongo chakula na unyevu karibu na godoro lililobaki, nao wanalila taratibu bila kelele. Bustani inayopata tabaka hilo kila mwaka haifiki pa kukwanguliwa mara kwa mara.

Mchanga huo usiwe wa ufukweni, una chumvi. Na udongo mwekundu wa kwenye lori, ule unaouzwa kwa tripu, uchunguze kabla haujamwagwa. Chota mikono miwili, upekue. Ukiona vijifundo vyeusi vidogo kama njugu, vimeunganishwa kwa nyuzi, hiyo ni ndago. Mrudishe mwenye lori. Ndago ikishaingia kwenye ukoka, utauona ujirani wa kudumu.

Mwagia maji siku hiyo hiyo, kisha kidogo kila siku kwa wiki ya kwanza kama mvua haiji. Huu ndio wakati pekee ninaokuruhusu maji ya kila siku. Wiki ya pili, vikianza kuchipua vijani vipya, weka nusu kilo ya urea kwa mistari yote mitano, ukiimwagia maji mara moja ili isiunguze. Mwaka huu usiweke nyingine zaidi ya hiyo ya Mei na ya Novemba. Baada ya wiki tatu hadi sita za hali nzuri ukoka utakuwa umefunika. Pakibaki kipara, kata kamba kutoka mstari wa jirani, zenye vifundo vitatu vinne, zifukie nusu.

Moto wa jirani yako hapana. Ukoka wa Februari ukiwaka, godoro hilo kavu litafuka siku mbili, litachoma kamba zilizo hai pamoja na zilizokufa, na moshi utaingia kwa huyo huyo aliyekushauri. Kung'oa na kupanda upya kunakuja tu vipimo vyako vikipita sentimita 5. Na atatokea mtu na chupa ya dawa ya kuozesha godoro bila jasho. Majaribio ya dawa hizo hayajaleta matokeo ya kutegemewa. Nunua mboji. Chokaa ya kilimo nayo usimwage kwa kusikia tu. Udongo wa karibu na pwani wenye mabaki ya matumbawe tayari una chokaa yake, wa vilimani mara nyingi hauna, na mpaka upimwe huwezi kujua wako uko upande gani. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanapima.

Kuhusu yale mabaka ya kahawia ya mashine: magurudumu yanazama ndani ya godoro, kisu kinashuka chini ya kipimo ulichoweka, kinakata vishina badala ya majani. Mwambie kijana apandishe magurudumu tundu moja juu kuanzia wiki hii, na ule mfuko wa urea aufunge vizuri mdomo aupeleke stoo, mahali pakavu, mpaka Mei.